Stuli ya Chumba cha Pasi

"Miguu yangu hii itawazika nyote mlioketi humu!"

Alisema hivyo mbele ya kipaza sauti, siku ya kumuaga mhasibu wa kampuni ya dobi aliyekuwa akistaafu. Wenzake wote walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki vya kukodi, sahani wamezipakata mapajani. Yeye peke yake alikuwa amesimama, soda mkononi, suruali ina mkunjo mkali kiasi kwamba nzi angetua pale angeondoka vipande viwili. Akaendelea, maana mtu asiyezoea kipaza sauti ukishampa, kumnyang'anya ni kazi nyingine. "Miaka ishirini na minane kwenye pasi, sijakaa kazini hata dakika moja! Mimi na kiti hatusalimiani. Kiti ni cha wagonjwa na mabosi!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Bosi naye alicheka, ila kwa kile kicheko chake cha kufumba jicho moja, ambacho wafanyakazi walikiogopa kuliko ukali wake.

Jumatatu yake, stuli ya chumba cha pasi haikuwepo.

Aliyejigamba hivyo aliitwa Nguzo. Jina alilopewa na wazazi lilikuwepo kwenye kitambulisho tu, likimsubiri siku ya kuzikwa. Alikuwa mpiga pasi wa dobi moja kubwa iliyofua mashuka ya hoteli, makoti ya hospitali na sare za shule. Chumba chake kilikuwa cha nyuma, sakafu ya saruji, dirisha moja lililokataa kufunguka tangu lilipopakwa rangi, na bomba la mvuke lililopita ukutani likipumua kama mtu mwenye pumu. Meza zilikuwa mbili. Kwenye moja alisimama Nguzo. Kwenye ya pili alisimama binti mmoja mwembamba, fundi wa kola na vikofi vya mikono ya mashati, waliyemwita Dada Kola. Upande wa pili wa ukuta, kwenye mashine za kufulia, alikuwa Povu, bwana mnene aliyepata jina lake kwa sababu mbili: sabuni, na mdomo wake.

Stuli yenyewe ilikuwa kitu cha kuonewa huruma. Ya mbao, fupi, mguu mmoja umetiwa kipande cha kadibodi ili isiyumbe. Dada Kola aliikalia wakati pasi ikipata moto, mara chache chache, halafu anasimama tena. Siku hiyo ya Jumatatu aliitafuta nyuma ya rafu ya wanga, akaitafuta chooni, mwisho akaenda kwa bosi. Alirudi midomo ameibana.

"Kaka Nguzo."

"Naam."

"Bosi anasema kama wewe miaka yote hiyo hujakaa, mimi wa juzi nakaa nini. Anasema nikuulize wewe mwenyewe kama pasi ni kazi ya kukaa."

Nguzo alikuwa ametandaza shuka, pasi inateleza. Hakuinua macho. "Utazoea, mdogo wangu."

"Nisipozoea?"

"Kila mtu huzoea."

"Umekiuza kiti changu kwa kipaza sauti," Dada Kola akasema, akasonya msonyo mrefu wa kukata kitambaa, akarudi kwenye kola zake.

Povu akachungulia mlangoni, kichwa kimejaa mapovu. "Mzee Nguzo, siku ya mazishi yangu usisahau kuja. Si umeahidi kunizika? Basi uje na sururu kabisa."

"Wewe nitakuzika kwa beleshi mbili," Nguzo akajibu. "Moja haitoshi."

Wakacheka wote wawili. Dada Kola hakucheka.

Ufundi wa Nguzo ulikuwa wa kutotembea. Wapiga pasi wengine huzunguka meza, huenda pembeni kuchukua maji, hurudi, hunyoosha mgongo. Nguzo aliona hayo ni uzembe. Alipanga kila kitu kifikiwe na mkono: nguo mbichi kushoto, chupa ya maji mbele, na kulia rundo la nguo zilizokwisha. Nguo ndiyo iliyozunguka, yeye alibaki palepale kama mlingoti, uzito wote kwenye mguu wa kulia. Sakafuni, mahali aliposimama, saruji ilikuwa imelika vishimo viwili vyenye umbo la soli. Wageni wakija kutembelea dobi, bosi aliwaonyesha vile vishimo kabla ya kuwaonyesha mashine mpya.

Kile ambacho bosi hakuwaonyesha wageni, kwa kuwa hakukijua, kilikuwa ndani ya suruali.

Kilianza zamani kama kamba nyembamba za bluu nyuma ya goti. Kisha zikanenepa. Zikajipinda, zikapanda juu ya ngozi kama mizizi inayoinua sakafu. Jioni kifundo cha mguu kilijaa hadi kiatu kikawa hakivuki kisigino, na soksi ikivuliwa iliacha mfereji ambao kidole cha mtoto kingelala humo. Asubuhi uvimbe ulikuwa umeshuka, naye akajiambia yamekwisha. Halafu, upande wa ndani wa kifundo, likatokea doa. Dogo kwanza, kahawia, lenye kingo zisizoeleweka. Mtu mwingine angesema ni uchafu. Nguzo alilijua doa la aina hiyo. Ndilo linaloachwa na pasi iliyosahauliwa juu ya nguo nyeupe, na katika kazi yake lilikuwa na maana moja: hiyo nguo haitarudi ilivyokuwa.

Alililoweka kwa sabuni, akalisugua kwa brashi. Usicheke. Mtu hutibu kwa anachokijua.

Lililomtia baridi si doa peke yake. Mama yake alikuwa nalo. Nguzo alipokuwa mtoto, mama alishinda amekaa kwenye kizingiti cha chumba cha uani, mguu umefungwa matambara, na ndani ya matambara kulikuwa na donda lililokaa miaka. Halikuwa likiua, wala halikuwa likipona. Lilikuwa na harufu. Nguzo na ndugu zake walijifunza kupita pale wakiwa wameziba pumzi, na mama alijifunza kutazama pembeni wanapopita ili wasijue kwamba ameona. Alikaa kwenye kile kizingiti mpaka alipohamishwa kwa machela. Tangu hapo Nguzo hakupenda kukaa. Watu walidhani ni ushujaa.

Mke wake alifundisha chekechea, na miaka ya kazi ile ilikuwa imemfanya aongee na kila mtu kama ana miaka minne. Siku moja alimkuta mumewe bafuni akisugua.

"Leta mguu."

"Ni vumbi tu."

"Nimesema leta mguu. Moja, mbili..."

Hakuna mwanamume aliyewahi kumsubiri afike tatu. Nguzo akaleta mguu. Mke wake akaushika, akabonyeza doa kwa kidole gumba. Ngozi pale ilikuwa ngumu, inang'aa, haibonyei, kama ngozi ya kiatu.

"Kesho kliniki."

"Kesho kuna mashuka ya—"

"Mashuka hayana miguu," mke wake akasema. "Kesho."

Daktari wa kliniki ya hospitali alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa, aliyemwamkia vizuri kabla ya kumwambia apande kitandani. Alimshika juu ya wayo akatafuta mapigo ya damu, akasema hayo yapo sawa. Kisha akamwambia asimame, akachuchumaa, akaitazama ile mishipa kwa muda mrefu. Nguzo angependa aseme chochote.

"Baba, kazi yako nini?"

"Napiga pasi."

"Unatembeatembea?"

"Sitembei kabisa," Nguzo akasema kwa fahari, mazoea ni mabaya.

Daktari akaandika kitu. "Basi nikueleze kwa lugha yako. Hii mishipa ya kurudisha damu juu tunaiita vena. Ukuta wa vena ni kitambaa. Seli zipo, lakini kinachoushika ukuta ni protini zilizofumwa nje ya seli, zinazizunguka pande zote. Kuna uzi mgumu, unaitwa kolajeni. Kazi yake ni kuzuia ukuta usipasuke. Kuna uzi wa kuvutika, unaitwa elastini. Kazi yake ni kuurudisha ukuta ukishatanuka. Vena nzima ina nyuzi hizo kwa kipimo. Yako kipimo kimevurugika. Uzi mgumu umerundikana ovyo, uzi wa kuvutika umekatikakatika. Damu ikisukuma, ukuta unatanuka, haurudi. Vali, vile vilango vya ndani, vinaachana, havifungi. Damu iliyotakiwa kupanda inashuka tena."

Nguzo alikuwa amemwelewa kuliko alivyotaka. "Kama kiuno cha kaptura ya shule. Ya mwisho wa mwaka."

"Ndiyo hasa."

"Hiyo fundi anafumua, anatia mpira mpya."

Daktari hakutabasamu. "Hapa hakuna mpira mpya, baba. Elastini mwili huifuma utotoni na ujanani. Ukishakuwa mtu mzima, haufumi tena ya kutosha. Iliyokatika imekatika."

"Nani anaikata?"

"Mwili wenyewe. Una vimeng'enya vya kazi hiyo, kama mikasi midogo, vya kuondoa nyuzi zilizochakaa. Damu ikituama mguuni na shinikizo likipanda, mikasi hiyo inachachamaa. Inakata hata uzi mzima. Unaposimama bila kutembea, shavu la mguu halisukumi damu, inatuama. Unaposimama, inakata."

Chumba kilikuwa na feni inayozunguka polepole. Nguzo aliisikia vizuri sana. Aliwaza mikasi isiyo na mkono, ikifanya kazi siku nzima chini ya suruali iliyonyooka, yeye huku juu akipiga soga na Povu.

"Na hili doa?"

"Damu imevuja ikaacha chuma chake kwenye ngozi. Ngozi hiyo imeanza kuwa ngumu. Ikipasuka, litakuwa donda, na madonda ya hapo hayana haraka ya kupona." Akavua miwani. "Kuna mtu kwenu alikuwa nalo?"

"Hapana," Nguzo akasema.

Alipewa soksi za kubana, ndefu mpaka chini ya goti, zenye rangi ya ngozi ya mtu mwingine. Daktari akamfundisha kuzivaa asubuhi kabla mguu haujajaa. Akasema soksi ndizo zitakazofanya kazi ya ule uzi uliokatika, zitaushika ukuta kwa nje. Akasema azifue kwa mkono kwa maji ya baridi, asizianike juani. Atembee. Akae kila baada ya muda, ainue mguu. "Waambie kazini wakupe kiti."

Nguzo akazikunja zile soksi pembe nne, akaondoka.

Bila shaka unajua hakuomba. Angeanzia wapi? Aingie ofisini kwa yule aliyefumba jicho moja, aseme kile kiti nilichokitukana mbele ya watu sasa nakitaka? Dada Kola angemtazama vipi? Akajikaza kisabuni. Kiti hakuomba, lakini soksi alivaa, tena kwa uaminifu wa mtu anayetaka kulipia agizo moja alilolikaidi kwa kutii jingine. Alizifua mwenyewe kila jioni kwa maji ya baridi. Alizianika kivulini. Asubuhi na mapema, kabla ya kuzivaa, alizitandaza juu ya meza yake ya nyumbani, akazinyunyizia maji, akazipiga pasi.

Daktari hakumkataza. Haikumpitikia. Katika wagonjwa wote aliowahi kuwapa soksi zile, nani angeamka apige pasi soksi? Lakini huyu hakuwahi kuvaa kitu kisichopigwa pasi tangu ajitegemee. Leso, fulana ya ndani, taulo, vyote. Kitu chenye makunyanzi mwilini mwake kilimwasha. Na zile soksi zilikuwa na makunyanzi ya kudumu, zimejikunja kama uso wa mtu aliyekula ndimu. Ilichukua pasi ya moto sana na mvuke mwingi kuzinyoosha. Siku ya kwanza zilikataa. Siku zilizofuata zikaanza kukubali. Nguzo aliridhika nazo. Alisema moyoni, nguo yoyote ikikutana na fundi hunyooka.

Kuzivaa kwa mara ya kwanza kulikuwa vita. Alivuta, akatukana, mke wake akaja kusaidia akihesabu moja mbili. Na zilifanya kazi. Jioni ile mguu ulikuwa mwepesi hadi akaogopa. Lakini wiki zilivyokwenda, kuzivaa kukawa rahisi. Zikapanda zenyewe. Kisha zikaanza kuteremka kidogo mchana, zinamlazimu azivute.

"Mke wangu, njoo uone! Zinapwaya!"

Mke wake akaja, akaingiza kidole kati ya soksi na mguu. Kiliingia bila shida.

"Mguu umepungua," Nguzo akasema, uso umemchanua. "Umekwisha nguvu, ugonjwa huu. Nimeushinda."

Mke wake akapiga makofi kama wanavyopigiwa watoto waliomaliza uji. Kwa nini asipige? Hata yeye alitaka iwe kweli.

Kazini Nguzo alimwonyesha Povu, amepandisha suruali katikati ya chumba. "Unaona? Ulisema nitakufa mimi kwanza."

"Nilisema sura yako itakufa kwanza," Povu akajibu. "Miguu sijaigusa."

Dada Kola alitazama ile soksi, iliyolala juu ya mguu bila kuushika, imenyooka kama karatasi. Siku hizo hakuwa akizungumza na Nguzo zaidi ya lazima, na alikuwa na lake la kufikiria: jioni viatu vyake vilikuwa vimeanza kumbana.

Msiba wenyewe ulianza kwa kitu cha kipuuzi. Toroli la mashuka lilimgonga Nguzo upande wa ndani wa kifundo, palepale penye doa. Mkwaruzo tu. Kama ungekuwa mkononi, angeulamba akasahau. Aliufuta kwa leso, akaendelea. Kesho yake ulikuwa bado mbichi. Wiki iliyofuata ulikuwa umetanuka. Kingo zake zilikuwa zimejikunja, katikati panateleza, na kila asubuhi alipofungua leso alikuta kidonda kimekwenda mbele kidogo, kama mtu anayesogeza mpaka wa shamba usipomtazama.

Hakumwambia mtu. Alifunga leso safi kila siku, iliyopigwa pasi, mkunjo wa pembe nne, na juu yake akavuta zile soksi zisizobana kitu. Mke wake alipouliza, alisema anaona baridi, ndiyo maana halali bila soksi. Yule mke aliyekuwa akijua mtoto gani ameiba kalamu kwa kumtazama tu, akamtazama. Usiku ule hakuhesabu moja mbili, na hilo lilimtisha Nguzo kuliko kama angehesabu.

Halafu ikaja harufu.

"Jamani, nani ameacha nguo mbichi kwenye ndoo?" Povu aliingia akinusa. "Kuna kitu kimeoza humu. Mzee Nguzo, ni panya au ni hotuba zako?"

"Ni soksi zako," Nguzo akasema haraka.

"Mimi sivai soksi." Povu akaendelea kunusa, akisogea, akicheka, akisogea. Alipofika karibu na meza ya Nguzo, kicheko kikamkatikia mdomoni. Akatazama chini. Akatazama juu, akakutana na macho ya Nguzo. Akageuza uso pembeni, akatoka akiwa ameziba pumzi.

Nguzo aliujua ule mgeuko wa shingo. Aliujua kabla hajajua kusoma.

Siku iliyofuata kulikuwa na joto la kupika. Mashuka ya hoteli yalikuwa mengi, bosi alipita mara mbili kuyatazama bila kusema, na Nguzo alisimama kwenye vishimo vyake tangu asubuhi bila kusogea, kwa sababu kusogea kulikuwa kunauma na kusimama kulikuwa hakuumi. Alasiri alisikia kiatu cha kulia kimelowa. Akafikiri bomba la mvuke limeanza kuvuja tena. Akamaliza shuka lile, akalikunja, akalinyoosha kwa kiganja. Akavuta jingine. Kiatu kikafanya sauti, ile sauti ya kiatu kilichojaa maji, na kichwa kikawa chepesi sana, kama kimetiwa hewa.

"Povu!" akaita. "Bomba lako linanimwagia."

Dada Kola ndiye aliyegeuka. Chini ya meza ya Nguzo, vile vishimo viwili vilikuwa vimejaa, na mkondo mwembamba ulikuwa unakimbilia kwenye kitundu cha kutolea maji. Haukuwa maji. Pembeni mwa kifundo, juu kidogo ya leso na soksi iliyoteremka, ukuta wa mshipa mmoja ulikuwa umechoka. Damu ilitoka kwa mruko mwembamba, kimya, haina haraka, na Nguzo alikuwa amesimama wima akiipa njia.

"Lala chini!"

"Nini?"

"Kaka, lala chini! Usisimame! Lala!"

Nguzo alimtazama kama amemwambia avue nguo. Kulala? Kazini? Alishika ukingo wa meza ili asimame vizuri zaidi. Dada Kola hakungoja. Alimsukuma kifuani kwa mikono miwili, yule mwembamba, na Nguzo akaanguka chali juu ya rundo la mashuka meupe yaliyokwisha kupigwa. Akauinua ule mguu juu ya stendi ya meza, akakandamiza rundo la mashati yake ya kola pale palipotoboka, akaegemea kwa uzito wake wote.

"Povuuu! Gari! Tafuta gari!"

Kutoka sakafuni dunia ilikuwa na sura nyingine. Nguzo aliona chini ya meza, gamu za kutafuna walizobandika watu waliostaafu zamani. Alimsikia Povu akipiga kelele nje, sauti inapasuka. Na mbele ya macho yake, karibu kiasi cha kugusa, ilikuwepo miguu ya Dada Kola, ndani ya ndala. Vifundo vimejaa. Nyuma ya shavu la mguu wa kushoto, kamba nyembamba za bluu zilikuwa zimeanza kujipinda. Upande wa ndani, chini, kulikuwa na kivuli kidogo cha kahawia, kingo zake hazieleweki.

Alitaka kusema kitu. Ulimi ulikuwa mzito.

Hospitali walimshona, wakamwongeza damu. Siku ya pili akaja yule daktari mwenye miwani mikubwa, akafungua bendeji, akaangalia donda, akalifunga tena taratibu. Kisha akachukua soksi zilizokuwa kwenye mfuko kitandani. Akaivuta moja kwa mikono miwili. Ikavutika. Akaiachia. Ikabaki palepale, ndefu, imelegea kama ulimi.

"Baba. Hizi umezifanya nini?"

"Nilifuata maagizo yote," Nguzo akasema. "Maji ya baridi. Kivulini."

"Na nini tena?"

"Nimezipiga pasi tu."

"Mara ngapi?"

"Kila siku, daktari. Siwezi kuvaa kitu kina makunyanzi."

Mke wake, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akafunika uso. Daktari aliiweka ile soksi chini kwa uangalifu, kama kitu chenye maumivu. "Yale makunyanzi ndiyo yaliyokuwa dawa. Kulikuwa na uzi wa mpira ndani. Umeupika."

Nguzo akakumbuka alivyoshangilia zilipoanza kupwaya.

"Donda litapona?"

"Linajaribu. Mwili unafuma kitambaa kipya, na ile mikasi niliyokuambia inakikata kabla hakijashika. Tutalifunga bendeji za kubana, tutakuwa tunalitazama." Akafikiri kidogo. "Leo hatukati chochote."

Nguzo alisikia sentensi nzima, lakini neno moja tu ndilo lililobaki chumbani baada ya daktari kuondoka, nalo lilikuwa "leo". Jirani wa kitanda cha pili aligeuza uso upande wa ukuta. Pengine alikuwa analala. Nguzo akamwambia mke wake afungue dirisha, halafu akamwambia ampe simu.

"Unampigia nani?"

"Bosi."

Bosi alipokea kwa sauti tamu. Pole sana mzee wetu, tunakuombea, usijali kuhusu mashuka, tumempata kijana wa kusimama kwenye meza yako. Wa muda tu. Nguzo akamwacha amalize.

"Bosi, yule binti wa kola bado anasimama?"

"Anasimama. Kwani vipi?"

"Mrudishie ile stuli."

"Stuli ipi?"

"Ya chumba cha pasi. Nilisema upuuzi siku ile. Nilisema mbele ya watu, na hata sasa nipo mbele ya watu, wodi nzima inanisikia. Nilikuwa naumwa nikijigamba. Yule binti ameanza, nimemwona kwa macho yangu. Mwambie akae. Mwambie atembee, aje hospitali kabla doa halijawa gumu. Stuli irudi leo."

Upande wa pili ikasikika karatasi ikipinduliwa.

"Haa, ile! Mzee, ile mbona haipo. Niliiuza wikiendi ileile ya sherehe. Si mwenyewe ulisema kiti ni cha wagonjwa? Nikaona inakusanya vumbi bure."

"Umemuuzia nani?"

"Muuza chai wa getini."

Nguzo alimkumbuka. Kila asubuhi alipita pale, akanywa chai yake wima kama kawaida yake, na mbele yake birika jeusi lilikuwa limekaa juu ya kitu kifupi kilichofunikwa mfuko wa saruji. Mguu mmoja ulikuwa umetiwa kadibodi.

"Kwa bei gani?"

Bosi hakuhitaji kufikiri.

"Elfu mbili."